Kuutunza Mto Nairobi Tangu Vijito vya Juu

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa Kitisuru, Nairobi, mbele ya wenye nyumba, watunza bustani, madereva na watumishi wa nyumbani. Twaichapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu wote, wa mjini na wa mashambani.)



Nimetakiwa niseme nanyi juu ya kuutunza mto. Huenda mtu akauliza, “Mto upi? Hapa Kitisuru hapana mto. Pana vijito tu kule bondeni, na kiangazi mtoto aweza kuviruka asilowe mguu.” Swali hilo ni jema, na jawabu lake ndiyo hotuba yangu. Mto mkubwa hauna mwanzo mwingine ila vijito. Watu wengi wanapouona Mto Nairobi ukiwa mweusi na wenye harufu mbaya kule mashariki ya mji, hudhani kwamba mto umeharibikia pale pale. Lakini mto ni kama gunia lililojazwa njiani: kila mtu aliyekutana na mchukuzi ametia kitu chake ndani, na yule wa mwisho ndiye alaumiwaye kwa uzito wake.

SAFARI YA MAJI

Tuyafuate maji yenyewe tuone yaendako. Mvua inyeshapo juu ya mabonde haya ya magharibi ya Nairobi, maji hushuka katika vijito kama Gitathuru, Thigiri, Karura na Ruaka. Vijito hivyo hupita katika msitu wa Karura, kisha huteremka kuelekea mashariki. Gitathuru hufika Mathare, ambako maelfu ya watu wamejenga nyumba zao za mabati karibu kabisa na maji. Mwishowe maji haya yote huingia katika Mto Nairobi, ambao chimbuko lake ni kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Mto Ngong nao hutoka upande wa Dagoretti, hupita kando ya Kibera na mahali pa viwanda, kisha hujiunga nao.

Safari haiishii hapo. Mto Nairobi huingia katika Mto Athi. Mto Athi hupita kwenye maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Thika, ukaendelea katika nchi kavu ya Ukambani, kati ya Machakos, Makueni na Kitui, ambako maji ni mali kuliko ng’ombe. Ukisha kupokea maji ya Mto Tsavo, huitwa Galana. Na ukikaribia pwani huitwa Sabaki, ukamwaga maji yake baharini kaskazini ya mji wa Malindi. Kando ya Sabaki, mahali paitwapo Baricho, pana visima ambavyo maji yake hupelekwa kwa mabomba mpaka Malindi na Mombasa.

Sisemi kwamba kila tone la uchafu litokalo hapa hufika Mombasa. Mchanga, jua na mwendo mrefu huyasafisha maji kwa sehemu. Nasema tu kwamba mtu wa Kitisuru, mkulima wa Machakos na mvuvi wa Mambrui, wasiojuana hata kwa jina, wameshika kamba moja, na sisi huku ndio tulioshika ncha ya juu.

Tena kuna jambo jingine la kufikiri. Maji tunywayo sisi wa Nairobi hayatoki katika Mto Nairobi. Sehemu kubwa huletwa kwa mabomba kutoka milima ya Nyandarua, kwenye mabwawa yaliyojengwa kwa ajili ya mji huu: bwawa la Ruiru lililokamilika mwaka 1950, la Sasumua mwaka 1956, na la Ndakaini mwaka 1994. Maana yake ni hii: sisi twanywa maji ya watu walio juu yetu, na hapana mmoja wetu ambaye angenyamaza akisikia kwamba wametia uchafu katika bwawa la Ndakaini. Je, wale walio chini yetu, wakinyweshea mboga na mifugo yao maji tuyaachayo sisi, wana haki ndogo kuliko yetu?

MTO NAO HUPUMUA

Sasa niwaeleze kwa maneno mepesi jinsi mto unavyoishi na jinsi unavyokufa.

Katika maji safi yaendayo kasi mna hewa ya oksijeni iliyochanganyika na maji, ijapokuwa macho hayaioni. Maji yarukapo juu ya mawe na kufanya povu jeupe, ndipo yanapovuta hewa hiyo. Samaki, kaa wa mtoni, viluwiluwi vya vyura, na watoto wa kerengende walio chini ya mawe wote huivuta hewa hiyo. Basi mtu atiapo mtoni maji ya choo, au damu ya machinjioni, au maganda ya kahawa, vidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho hukusanyika kula uchafu huo. Uchafu ukiwa kidogo, vidudu huumaliza, na mto hujitakasa wenyewe baada ya mwendo fulani. Lakini uchafu ukizidi, vidudu nao huzidi kwa wingi mno, nao wakati wa kula huvuta oksijeni yote iliyomo. Hapo samaki hawana cha kuvuta, hufa. Kisha huja vidudu vya namna nyingine, visivyohitaji oksijeni, nao ndio watoao ile harufu ya mayai yaliyooza tuijuayo sote.

Kwa hiyo harufu mbaya ya mto si jambo la pua tu. Ni dalili kwamba pumzi ya mto imekwisha. Na mtu asiye na chombo cha kupima aweza kujua hali ya kijito chake kwa kugeuza mawe machache. Akiona kaa wadogo na wadudu wa namna nyingi wakikimbia, ashukuru. Akiona minyoo myekundu tu katika matope meusi, ajue kwamba kijito ni mgonjwa.

Watu wenye elimu ya maji wamelitumia jambo hili hili kwa faida. Kule Ruai, mashariki ya Nairobi, yako mabwawa makubwa ya kusafisha maji machafu ya mji. Maji hutuama katika bwawa la kwanza, uchafu mzito ukashuka chini na kuliwa na vidudu. Kisha hupita katika mabwawa mengine yasiyo na kina kirefu, ambamo mimea midogo ya kijani hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua, na mwanga wa jua huua vijidudu vya ugonjwa. Ndipo maji hurudishwa mtoni. Hii si kazi ya ajabu. Ni kazi ya mto wenyewe, ila imefanywa mahali maalumu na kupewa muda. Lakini mabwawa hayawezi kusafisha maji ambayo hayakufika kwake. Maji machafu yaliyoingizwa mtoni kwa siri huku juu hayapiti Ruai kamwe.

UCHAFU WA NAMNA NNE

Uchafu wa kwanza ni wa choo. Huu huleta kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa ya kuhara, na wanaokufa upesi ni watoto wadogo.

Wa pili ni takataka ngumu: chupa za plastiki, nguo kuukuu, mabaki ya jikoni. Nchi ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tarehe 28 Agosti 2017, na jambo hilo limepunguza takataka za namna hiyo. Lakini chupa na vifuniko bado vyaziba mitaro, na mtaro ukizibwa, maji ya mvua hutafuta njia katika nyumba za watu.

Wa tatu ni sumu: mafuta ya magari, rangi, asidi ya betri, dawa za kuua wadudu, na madini kama risasi. Yafaa watu wajue neno hili vizuri. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi. Maji yenye risasi yakichemshwa hubaki na risasi ile ile. Kule Dandora, ambako takataka za mji zimetupwa tangu mwaka 1975 kando ya Mto Nairobi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilifanya uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007. Watoto 328 walipimwa, na nusu yao walikutwa na risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa na mataifa. Risasi huharibu akili ya mtoto angali anakua, na hasara hiyo hairudishwi na dawa.

Wa nne ni udongo. Wengi hawauhesabu udongo kuwa uchafu, kwa maana wauona ni kitu cha asili. Lakini udongo mwekundu uchukuliwao na mvua kutoka shamba lililolimwa mpaka ukingoni, au kutoka mahali pa kujenga nyumba, huyafunika mawe ambayo wadudu na samaki hutagia mayai, hujaza mabwawa, na huyatia maji giza. Wakaaji wa Malindi wajua jinsi bahari yao inavyogeuka rangi ya udongo mvua zinaponyesha bara. Rangi ile ni mashamba yetu yanayosafiri.

UKINGO NI KINGA

Katika kazi yangu ya kufasiri maandiko ya serikali, mara nyingi nakutana na sheria za mito na ardhi iliyo kando yake. Kwa Kiswahili twaiita ardhi hiyo ukingo, nami nikilisikia neno hilo huona kwamba ukingo na kinga ni kama ndugu wawili. Ukingo wenye matete, majani marefu na miti ya asili hufanya kazi tatu. Huyachuja maji ya mvua kabla hayajaingia kijitoni, yakaacha udongo na mbolea pale. Huishika ardhi kwa mizizi isimomonyoke. Tena hukipa kijito kivuli, na maji ya baridi hushika oksijeni zaidi kuliko maji ya moto.

Ndiyo sababu Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilikataza mtu kulima au kujenga karibu na mto, katika upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, ukipimwa kutoka mahali maji yalipofika siku ya mafuriko makubwa kuliko yote yaliyoandikwa. Si kila mti ufaao hapo. Mkaratusi hunywa maji mengi, na mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, Bwana John Michuki, aliagiza mikaratusi ing’olewe katika kingo za mito na vinamasi.

Mtu aweza kuona kanuni hiyo ni uonevu kwa mwenye shamba. Lakini tukumbuke mwezi wa Aprili 2024. Mvua kubwa ilinyesha, Mto Mathare na Mto Gitathuru vikafurika, na watu wa Mathare wakapoteza jamaa zao na mali zao. Baadaye serikali ilibomoa nyumba nyingi zilizokuwa ukingoni, na jamaa nyingi zikabaki bila makao. Sasa fikirini: maji yale yaliyofurika hayakunyesha Mathare peke yake. Mengine yalitoka juu, ambako mashamba ya kahawa ya zamani yamegeuzwa kuwa mapaa, maegesho ya magari na njia za lami. Ardhi yenye majani huinywa mvua polepole. Lami haiinywi hata kidogo. Huisukuma yote bondeni kwa mara moja. Mtu wa Mathare aambiwa aondoke ukingoni kwa usalama wake, na ni kweli ukingo si mahali pa kulala. Lakini si haki yeye peke yake achukue mzigo, na yule wa juu aliyejenga ukuta wake ndani ya kijito asiulizwe neno.

MANENO MAWILI YASEMWAYO

Kila mara jambo hili linapozungumzwa husikia maneno mawili. La kwanza ni hili: “Uchafu ni wa watu wa mitaa ya mabanda na wa viwanda. Sisi huku twakaa vizuri.” Mabibi na Mabwana, ni kweli kwamba mitaa ya mabanda hutoa uchafu mwingi, kwa sababu hapana mabomba ya maji machafu ya kuwatosha watu wake. Umaskini wao twaujua. Lakini nyumba nyingi za upande huu wetu nazo hazikuunganishwa na mabomba hayo. Hutumia matangi ya choo yaliyozikwa ardhini. Tangi lililojengwa vizuri na kunyonywa kwa wakati wake halina madhara. Tangi lililopasuka, au lililofungwa bomba la siri mpaka kwenye mtaro wa maji ya mvua, ni kiwanda kidogo cha uchafu nyuma ya ua la maua. Maskini achafuaye mto kwa kukosa choo, na tajiri auchafuaye kwa kukwepa gharama ya lori la kunyonya, hawako sawa mbele ya dhamiri, ijapokuwa mto hauoni tofauti.

La pili ni hili: “Mto umekwisha kufa. Hapana la kufanya.” Kwa neno hili nawapeni mfano wa mji wa London. Mwaka 1858 Mto Thames ulinuka hata wajumbe wa Bunge la Uingereza wakashindwa kukaa katika chumba chao kwa raha. Ndipo walipokubali kutoa fedha, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mabomba makubwa ya kuchukua maji machafu mbali na mji. Mto ukapona kwa muda, kisha mji ukakua, mitambo ikachakaa, na vita ikaharibu mingi. Hata mwaka 1957 wataalamu wa jumba la makumbusho la elimu ya viumbe walisema kwamba sehemu ya mto ipitayo London haina uhai. Watu wa London wangaliweza kukata tamaa. Walijenga mitambo upya, wakavibana viwanda kwa sheria, na mwaka 1974 samaki wa namna ya samoni alionekana tena mtoni. Miaka 17 tu ilipita kati ya kutangazwa kufa na samaki yule kurudi. Mto haufi kama mtu. Ukiacha kutiwa uchafu, huanza kupona wenyewe.

TUMEKWISHA KUJARIBU NINI?

Nasi hapa Nairobi tumeyaona mazuri na mabaya. Jina lenyewe la mji latoka katika lugha ya Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji ya baridi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, maji hayo yalikuwa sababu moja ya kupachagua mahali hapa pawe kituo. Mwaka 1953 Mto Ngong ulizibwa, likajengwa Bwawa la Nairobi, na watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga juu yake. Maji machafu yakaingia mwaka baada ya mwaka, gugu maji likaota kwa kuula uchafu huo, na leo mgeni akilipita huenda adhani ni kiwanja cha majani. Bwawa lile laonyesha kwamba uharibifu hauji kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba, na uchafu nao una kibaba chake.

Lakini angalieni msitu wa Karura, jirani yetu. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa wajenzi wa majumba. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Chama cha Ukanda wa Kijani, aliongoza watu waliokwenda kupanda miti mle; tarehe 8 Januari 1999 walipigwa na kuumizwa. Hawakuacha, na msitu ukaokoka. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Leo watu huenda Karura kutembea na kupumzika. Lakini msitu ule wafanya pia kazi ya kuvipokea vijito vyetu na kuvipa nafasi ya kupumua kabla havijafika mjini. Kama ungalikatwa, mafuriko ya Mathare yangaliweza kuwa mabaya zaidi.

Tangu mwaka 2008 Bwana Michuki aliisimamia kazi ya kusafisha Mto Nairobi karibu na katikati ya mji. Takataka ziliondolewa, miti ikapandwa, na bustani ya pale hata leo yaitwa kwa jina lake. Kazi ile ilionyesha kwamba mto waweza kurudishiwa sura yake. Pia ilionyesha kwamba ukisafisha katikati na huku juu mabomba ya siri yakibaki wazi, uchafu hurudi. Mwishoni mwa mwaka 2022 iliundwa Tume ya Mito ya Nairobi, na mwezi wa Machi 2025 serikali ilizindua kazi kubwa ya kuufufua mto, ya kujenga mabomba ya maji machafu na kutengeneza kingo. Tuiombee heri kazi hiyo. Lakini tusiketi tukingoja, kana kwamba mto ni wa Tume na sisi ni watazamaji.

SHERIA YATUPA NINI?

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yasema kila mtu ana haki ya kuwa na mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 69 chasema kwamba kila mtu ana wajibu wa kushirikiana na vyombo vya serikali kuyatunza. Na kifungu cha 70 chamruhusu mtu awaye yote kwenda mahakamani mazingira yanapoharibiwa, wala hatakiwi kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Hilo ni jambo kubwa. Mtunza bustani wa Kitisuru aweza kumtetea mama wa Mathare asiyemjua. Kwa malalamiko ya kila siku, mahali pa kwenda ni NEMA, mamlaka ya mazingira iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, au Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

KAZI YETU

Nimalize kwa mambo ya kufanya, maana hotuba isiyo na kazi ni kelele.

Kwanza, mwenye nyumba akague tangi lake la choo. Ajue limejengwa wapi, limenyonywa lini, na maji ya jikoni na ya kufulia huenda wapi. Bomba lolote liingialo katika mtaro wa mvua lifungwe.

Pili, lori la kunyonya lijapo, dereva aulizwe anakwenda kumwaga wapi, na aonyeshe kibali chake. Bei rahisi mno ina sababu. Huenda uchafu wako ukamwagwa usiku katika kijito cha mwenzio.

Tatu, ninyi watunza bustani, pampu ya dawa isioshwe kijitoni kamwe, wala chupa ya dawa isitupwe huko. Majani yaliyokatwa yawe mbolea, yasisukumwe bondeni. Acheni ukanda wa majani marefu kando ya maji, na mkiamriwa kuulima, mwambieni bwana au bibi kwa heshima kwamba sheria hairuhusu.

Nne, madereva waoshe magari mbali na kijito, na mafuta ya injini yaliyotumika yapelekwe gereji yakusanywe.

Tano, ajengaye nyumba azuie udongo wake usichukuliwe na mvua, na aache sehemu ya kiwanja bila saruji ili ardhi ipate kunywa.

Sita, wasomaji wa mashambani, wa Kiambu, Murang’a na kwingineko, wachimbe matuta ya kuzuia maji, wasilime mpaka ukingoni, na viwanda vya kahawa vya ushirika visiyaachie maji ya kumenyea kahawa yaingie mtoni bali yapelekwe katika mashimo yake. Ng’ombe wanyweshwe kwa birika ikiwezekana, wasikanyage kingo.

Saba, waalimu wawapeleke watoto kwenye kijito kila muhula wakageuze mawe, wahesabu viumbe wawaonao, na kuandika. Mtoto aliyezoea kuhesabu kaa hatakubali wamalizike bila kuuliza kwa nini.

Mabibi na Mabwana, mambo haya hayahitaji mtu awe tajiri wala msomi. Yahitaji tu aukubali ukweli mmoja: maji yatokayo katika kiwanja changu si yangu tena yakisha kuvuka ua. Ni ya jirani. Basi na tuyatoe kama tungependa kuyapokea. Watu wa Mathare, wa Athi na wa Sabaki hawawezi kupanda kuja hapa Kitisuru kila siku kutazama tufanyalo. Wametuamini bila kutujua. Na tustahili kuaminiwa.